Barabara Iliyotangulia Gari

Siku subira yangu ilipokatika nilikuwa nimeshika chupa ya soda. Wakala wetu wa kuagiza magari pale Songea alikuwa na desturi yake: ukiingia tu kuuliza gari, anakuagizia soda. Nimekunywa soda za mtu yule mpaka nikawa naogopa kiu. Siku hiyo nilikuwa na mtoto mgongoni, meno yanamtoka, ana joto. Tulitoka Mbinga alfajiri, basi likaganda Kitai kungoja abiria mpaka jua likawa kali, nimefika nimechoka, na soda ikawekwa mezani kabla sijakaa.

“Dada, meli imechelewa,” akasema.

“Mara iliyopita ulisema meli imefika, umebaki ushuru tu.”

“Ile ilikuwa meli nyingine.”

“Na gari langu liko kwenye ipi?”

Akacheka. Akamtazama mtoto, akanitazama mimi, kisha akasema kwa upole, kama mtu anayenitakia mema, “Sikiliza, dada. Haya mambo ya magari yana maneno mengi. Mwambie baba mtoto aje, tuyazungumze wanaume.”

Karatasi ya kuagiza gari lile ina jina langu. Sahihi ni yangu. Nikasimama, nikaimimina soda yote kwenye maua yake ya plastiki, taratibu, mpaka tone la mwisho. Chupa nikairudisha mezani, kwa sababu chupa ina mwenyewe. Nikatoka.

Niseme mapema kwamba gari limeshakuja. Liko nje hapa ninapoandika, linanuka samaki, na hasira zangu kwa wakala bado ninazo, sina mpango wa kuzigawa. Lakini nikikaa kuikumbuka miezi ile, yeye anachukua nafasi ndogo. Nafasi kubwa wanaichukua majirani zangu, na ndiyo maana naandika.

Wakati huo wanunuzi binafsi wa kahawa ndio kwanza walikuwa wameanza kupanda milimani kwetu na fedha mkononi, na ghafla kila mwenye duka mjini alikuwa anaagizia watu magari. Huyo wetu alikuwa anauza mbolea, redio na magodoro, magari yakiwa picha za kalenda ukutani. Mume wangu ana kahawa. Mimi nilikuwa nanunua usipa, dagaa wa ziwa letu, kule Lipingo, naupandisha Mbinga sokoni. Shida yangu ilikuwa usafiri. Gari la kukodi lisipokuja, usipa uliokwisha kuanikwa unanyeshewa palepale mchangani, unaoza, nami narudi nyumbani na harufu tu. Tukakubaliana: kahawa yake na usipa wangu vizae pikapu moja, na kwa kuwa mwenye biashara ni mimi, liandikwe jina langu. Mume wangu hakubishana. Nataka hilo lijulikane, maana wengi wangebishana.

Nyumba yetu iko juu kabisa ya mgongo wa mlima. Barabara ya gari inaishia chini, kwenye kigango cha kanisa. Habari ya pikapu ilipoenea, majirani ndio walioanza kutuuliza: “Mtalipandisha kichwani?” Basi nikapika pombe, tukaitana kwa ngokela, ile kazi yetu ya kusaidiana ambayo mwenye shughuli anatoa pombe na wengine wanatoa mikono. Wakaja na majembe, wakachonga barabara kutoka kigangoni mpaka mlangoni kwangu.

Katikati ya mteremko kulikuwa na shamba la babu mmoja, jirani yetu. Shamba la ngolo, yale mashimo ya kwetu yanayoshika maji ya mvua yasishuke na udongo. Kwetu wanaume wanafyeka nyasi, kuchimba ngolo ni kazi ya wanawake. Ngolo za babu alizichimba mkewe, na mkewe alikuwa amefariki. Hakukuwa na njia nyingine ya kupita. Babu akasema, “Piteni.” Hakutaja fidia, hakutaja sharti. Akaketi kwenye ukingo kututazama tukizifukia.

Halafu gari halikuja.

Nyasi zikaanza kuota barabarani. Jumapili baada ya misa wanawake wenzangu walikuwa wananingoja mlangoni. “Mama Gari, shikamoo ya gari. Bado linaoga huko Dubai?” Nikajibu kwamba linasukwa nywele. Tukacheka sote. Utani ule haukuniuma hata kidogo. Kilichoninyima raha ni mvua. Mawingu yalikuwa yanajikusanya, kila mtu anatayarisha mbegu za mahindi, na babu nusu ya shamba lake ilikuwa barabara isiyopitwa na kitu. Akikosa msimu ule, amekosa chakula cha mwaka mzima, na amekikosa kwa ajili yangu.

Kwa hiyo kesho yake, baada ya ile soda, nilibeba jembe nikaenda kumrudishia shamba lake. Nilichimba kwa hasira, kila pigo namwona wakala. Babu akatokea nyuma yangu.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Nani amekuita kwenye shamba langu?”

“Nakuchimbia ngolo. Mvua inakuja, upande mahindi.”

“Gari limekufa?”

“Halijazaliwa.”

Akasogea, akaliangalia shimo langu. “Hili ni kaburi la mbuzi. Ndivyo mlivyofundishwa sekondari?”

“Babu, mimi sitanii.”

“Mimi natania, wewe ni mke wangu, nina ruhusa. Weka jembe chini.”

Nikaweka. Akakaa, akanionyesha kwa fimbo upande ambao zamani palikuwa na kijia chembamba. “Bibi yako tulimteremsha pale kwa machela. Kumenyesha, panateleza. Waliombeba walianguka naye. Tulipofika chini kwenye gari alikuwa hasemi tena.” Akaielekeza fimbo barabarani. “Nani alikuambia barabara hii ni ya gari lako? Litapita lako, litapita la padri, litapita la hospitali. Ukiifukua, unamfukulia nani?”

“Na mahindi, babu?”

“Nitakula kwako.” Alisema kama jambo lililokwisha kuamuliwa na wazee, amebaki kunijulisha tu. “Na hizo hasira usizimalizie kwenye udongo wangu. Kazimalizie serikalini.”

Nikalifukia kaburi la mbuzi. Jumamosi iliyofuata wale wale walioniita Mama Gari walikuja na mafyekeo, wakasafisha barabara yote juu mpaka chini, na safari hii sikuwa na pombe ya kuwapa, walikunywa maji. Mwingine alileta debe la mahindi, akaliweka kwa babu bila kusema limetoka kwa nani. Sijui niwashukuru kwa maneno gani. Nimesoma mpaka kidato cha nne na sikufundishwa maneno hayo.

Jumatatu nilimwachia mume wangu mtoto. “Nikusindikize?” akauliza. Nikamwambia nitakwenda mwenyewe. Kwenye ofisi ya biashara ya wilaya, afisa akanisikiliza bila kunikatiza, naye namshukuru, kisha akanipa karatasi na kusema, “Andika hasara yako, mama, na unachodai.” Niliandika palepale, hivi:

“Mimi ni mkulima na mfanyabiashara wa usipa, mkazi wa wilaya hii. Niliagiza gari kwa mlalamikiwa na nimetimiza masharti yote. Yeye hajatimiza hata moja. Amenipa sababu nyingi na hazipatani. Hasara yangu naijua na nitaibeba. Hasara ninayoileta hapa ni ya jirani yangu, mzee mgane, aliyetoa shamba lake lipite barabara ya gari hilo, na mwaka huu hatavuna mahindi ya kumtosha. Naomba mlalamikiwa aitwe. Apande mlima kwa miguu kutoka kigangoni mpaka kwa mzee huyo, amweleze yeye mwenyewe, mbele ya majirani na mtendaji wa kijiji, gari liko wapi na linafika lini. Siku atakayoitaja iandikwe na ofisi hii. Mzee hasikii vizuri sikio la kushoto, kwa hiyo naomba mlalamikiwa akae upande wa kulia na aseme kwa sauti.”