Maziwa Yangu Waliyoyamwaga

Wanawake wenzangu hapa Stockholm wakisikia kwamba nililala kwenye ile hoteli ya milimani, wote wananiuliza mambo yale yale. Mlikula nini? Vitanda vikoje? Kweli kuna mzee amevaa sare ya vifungo vya dhahabu, kazi yake kupandisha watu lifti tu? Kweli yupo. Na beseni la kuogea lina miguu kama ya simba, na kwenye korido kuna picha za wageni wa zaidi ya miaka mia iliyopita, wanaume wenye masharubu wamekaa kwenye theluji na mbwa wao. Chumbani kwetu palikuwa na kibao kinachosema binti mfalme fulani aliwahi kulala humo. Haya, nimeshawaambia. Sasa niacheni niseme ninachokikumbuka mimi, na mume wangu akikasirika akasirike, maana hapendi kabisa nikisimulia habari hii.

Mume wangu ni mhandisi, anauza mashine za kupasha joto nyumba. Mwaka huo aliuza kuliko wenzake, na kampuni ikaamua kuwapeleka wauzaji wake bora, kila mmoja na mwenzi wake, kwenye hoteli kongwe huko Alps kwa siku nne. Jumamosi usiku kungekuwa na hafla, wapewe vyeti. Binti yetu alikuwa na miezi saba, ananyonya, chupa hataki hata kuiona.

"Mtoto je?" nikauliza.

"Watoto hawaendi."

"Basi na mimi siendi."

Nikadhani yameisha. Kumbe alimpigia simu dada yake.

Wifi yangu anakaa Tensta, sisi tunakaa Hagsätra, mwisho wa reli upande mwingine kabisa wa mji, na siku hiyo alikuja mpaka kwangu na theluji yote ile. Wifi ana miaka ishirini Sweden. Anahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, anajua kupima presha, na ukikohoa mbele yake anakupa jina la ugonjwa. Alikaa kwenye kochi langu, akampakata mtoto, akaanza.

"Wifi, usiwe mshamba. Mume akiitwa mbele za watu na kiti cha pembeni yake kiko kitupu, hicho kiti hakikai kitupu muda mrefu. Nenda ukale bata. Mtoto niachie mimi, nimelea watatu."

"Chupa hataki, wifi."

"Njaa itamfundisha." Halafu akacheka, akanipiga paja. "Ila kaka yangu namjua. Huko kwenye mapazia ya hariri mkumbuke mnanyonyesha. Msije mkambemenda mtoto wa watu."

Kwetu wapo wanaoamini hivyo, kwamba mama anayenyonyesha akilala na mumewe maziwa yanaharibika, mtoto anadhoofika. Huko ndiko kumbemenda. Nikacheka na mimi. Mawifi hutaniana, nikadhani ni utani.

Wiki mbili nzima nilikamua maziwa. Nilikamua alfajiri, nilikamua mtoto akilala mchana, nikapeleka Tensta, nikajaza droo nzima ya friza ya wifi, kila kifuko nimekiandika tarehe. Siku ya kuondoka nilimwacha mtoto mikononi mwa binti wa wifi, wa miaka kumi na miwili. Mtoto hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kuanzia Tensta mpaka uwanja wa ndege, na mume wangu ananiambia, "Futa macho, wenzangu wanatuona."

Asubuhi ya kwanza tukashuka kula. Ukumbi mkubwa kama kanisa, dari imechorwa malaika, vijiko vizito mpaka mkono unachoka. Meza ya pili kutoka yetu alikaa mfanyakazi mwenzake mume wangu, Mswidi, na mkewe. Katikati yao, kwenye kiti kirefu cha watoto, mtoto wa mwaka mmoja anaponda ndizi.

Nikaweka kijiko chini.

"Ulisema watoto hawaruhusiwi."

"Nilisema hawaendi."

"Yule ni nini? Mbuzi?"

"Sema polepole." Alikuwa anatabasamu huku anaongea, kwa ajili ya watu. "Barua ya mwaliko haikukataza, lakini mama, fikiria. Mtoto analia, wewe unatoa ziwa mbele ya bosi wangu. Haipendezi. Wao wanaweza kufanya hivyo kwa sababu kwao ni kwao."

Sijawahi kumsamehe hiyo "haipendezi". Niko Sweden, nchi ambayo nimenyonyesha kwenye basi, dukani, kwenye ofisi ya kodi, hakuna aliyegeuza shingo. Mtu pekee aliyelionea aibu ziwa langu ni yule aliyenioa.

Lakini nilikuwa nimeshafika, na matiti hayajui ugomvi. Kila baada ya saa tatu yalijaa yakawa kama mawe. Nilikaa bafuni kando ya lile beseni la miguu ya simba, nikakamua kwa pampu ya mkono. Vifuko vya kuhifadhia nilivisahau vyote kwa wifi, kwa hiyo nilichukua chupa ndogo za maji za hoteli, za kioo, zenye taji limechorwa ubavuni, nikazisuuza kwa maji ya moto. Kwenye friji ya chumbani nikatoa vichupa vya mvinyo, nikavipanga kabatini, nikaweka maziwa yangu. Mama yangu alinifundisha kwamba maziwa ya mtoto hayamwagwi kwenye sinki kama maji ya vyombo. Nilipanga kuyabeba yote mpaka nyumbani.

Ijumaa mchana walitupeleka kupanda magari ya kuvutwa na farasi juu ya ziwa lililoganda. Nikakaa nimefunikwa blanketi la manyoya, nahesabu saa. Tuliporudi nilikimbilia friji. Vichupa vya mvinyo vimerudi mahali pake, vimepangwa vizuri, lebo zinatazama mbele. Chupa zangu nne hazipo.

Nilishuka mapokezi na soksi.

Meneja alikuwa mwanaume mrefu, sauti laini kama anasoma misa. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne. Akapiga simu mahali, akasikiliza, akaniambia mhudumu wa vyumba alidhani ni maziwa ya kahawa yaliyobaki, akayamwaga. Anasikitika sana. Je, ningependa mhudumu yule aandikiwe onyo?

"Sitaki onyo. Nataka maziwa yangu."

"Bila shaka, madam," akasema.

Nikapanda juu najiuliza "bila shaka" maana yake nini. Baada ya nusu saa mlango ukagongwa. Sinia la fedha. Juu yake jagi la fedha, limefunikwa kitambaa cheupe, na kadi: maziwa ya leo ya ng'ombe wa bonde letu, pamoja na salamu za hoteli.

Ng'ombe! Yaani walikaa watu wazima jikoni, wakashauriana, wakaona mama amepoteza maziwa, apewe maziwa. Nililitazama lile jagi, kifua kinaniuma, sweta limelowa. Mume wangu akacheka. Akajimiminia kikombe, akanywa.

"Matamu," akasema.

Jioni hiyo nilimpigia wifi. "Amekula, amelala, usimwamshe mtoto wangu," akasema, akakata. Nikaridhika. Mjinga mimi, niliridhika.

Jumamosi asubuhi simu ikaita, ya picha. Binti wa wifi, amejifungia chooni na mtoto.

"Anti, usimwambie mama."

"Kuna nini?"

Akasema kwa Kiswidi kwamba mtoto hali, halafu akaona labda sijaelewa, akarudia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Yeye hapana kula, anti. Jana pia hapana. Anatoa kinyesi maji."

"Na maziwa? Yale ya friza?"

"Mama ametupa. Alisema maziwa mabaya."

Akageuza simu. Binti yangu alikuwa hajalala na hakuwa analia. Afadhali angelia. Alikuwa ananyonya ngumi yake, midomo imekauka, anaitazama simu kama inaonyesha mtu asiyemjua.

Mume wangu alikuwa mbele ya kioo anajaribu tai ya jioni. Nikamwambia. Hakugeuka.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Dada aliniambia jana mchana. Anaharisha kidogo. Anasema, unajua mambo yetu, anasema tumembemenda."

"Jana mchana. Tukiwa kwenye farasi?"

"Nilimwambia ampe uji."

"Uji amekula?"

Akaifungua tai, akaanza kuifunga upya.

"Wewe mhandisi mzima," nikasema, "umesoma vyuo viwili, unaambiwa mtoto wako hajala, unaambiwa maziwa yake yametupwa kwa uchawi wa dada yako, halafu unakunywa maziwa ya ng'ombe unasema matamu?"

"Ni jioni moja tu, mama. Wataniita jina. Kesho tunarudi."

Nilipiga kelele. Kuta za hoteli ile ni nene, naona zilijengwa ili wafalme wagombane na wake zao bila kusikika, lakini sauti yangu ilipita, maana nilipotoka na begi yule mzee wa lifti hakuniuliza naenda ghorofa gani. Alinishusha moja kwa moja mpaka chini akiangalia viatu vyake. Mume wangu alinifuata hadi mlangoni, tai inaning'inia. Akaniuliza atawaambia nini wenzake. Nikamwambia awaambie haipendezi.

Nikiwa kituo cha treni nilipiga namba ya ushauri wa afya kule Sweden. Nesi akanielekeza: apewe dawa ya kurudisha maji mwilini kwa kijiko, kidogo kidogo, na akianza kulegea au akikosa kukojoa apelekwe hospitali hapo hapo. Nikampigia tena binti wa wifi, nikamtuma duka la dawa, nikamwambia, "Mama yako akiuliza, mwambie nimesema mimi." Kila saa alinitumia ujumbe. Vijiko vitano. Vijiko kumi. Amekojoa. Niliposoma "amekojoa" nilishukuru Mungu kwa sauti, abiria wakanitazama.

Njia nzima sikukamua hata tone. Kwenye treni, kwenye ndege, kifua kinawaka moto, siwezi kushusha mikono. Mhudumu wa ndege akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo, na niachwe hivyo hivyo. Walishayamwaga ya friji mbili. Haya ya mwilini nilikuwa nayapeleka mwenyewe.

Saa kumi na moja jioni nilishuka kituo cha treni cha Spånga, nikapanda basi mpaka Tensta, nikapanda ngazi kwa wifi. Akafungua yeye.

"Heh! Umeacha hafla ya mumeo?"

"Mtoto yuko wapi?"

"Vua viatu basi, wifi, zulia hilo."

Sikuvua. Nikapita na buti na theluji yake mpaka sebuleni. Binti yake alikuwa kwenye kochi, mtoto mapajani, kijiko mkononi. Huyo msichana anapambana toka asubuhi, na mama yake mwenye cheti cha kuhudumia wagonjwa alikuwa jikoni anakoroga uji, mwiko bado anao mkononi.

"Kwa nini umemwaga maziwa yangu?"

"Yalikuwa yameharibika." Hata hakubabaika. "Mtoto alikunywa kijiko kimoja akaharisha. Mimi si mtoto mdogo, dalili nazijua. Niliwaonya mkacheka. Sikutaka kukuambia nikakuharibia safari, ndiyo maana nikamwambia kaka, mambo haya ni yenu wawili."

Hapo ndipo nilipolisema, mbele ya bintiye, na sijutii.

"Wifi, tangu nijifungue kaka yako hajanigusa. Miezi saba. Kule hotelini tumelala kitanda kimoja kipana kama uwanja, kila mtu upande wake. Sasa niambie wewe unayejua dalili. Maziwa yangu yaliharibiwa na nani?"

Mwiko ulibaki hewani. Binti yake aliinamisha kichwa, masikio yamemwiva. Wifi akaushusha mwiko, akasema:

"Basi kamua kwanza uyamwage. Hayo ya safari yamelala kifuani, yatamchafua tumbo."

Nikakaa chini na koti langu. Nikamchukua mtoto. Alikuwa mwepesi, ananukia sabuni ya nyumba nyingine. Nikampa ziwa, akageuza uso. Nikampa tena, akalia, akanisukuma kwa ngumi zote mbili, na mimi nikasema moyoni, haya, wameshinda, wote watatu, na dada, na kaka, na hoteli. Maziwa yakaanza kumwagika yenyewe, yakamwingia puani, akapiga chafya. Akalamba mdomo. Akakaa anafikiri. Halafu akalikamata kwa nguvu mpaka nikauma meno, akanyonya kwa kelele, anameza, anakoroma, jicho moja limenitazama kwa hasira.

Ana haki. Nilimwachia akasirike anavyotaka.

"Unamuua mtoto," wifi akasema.

Alikuwa amesimama mbele ya taa na mwiko wake, kivuli chake kimemfunika mtoto usoni. Nikamwambia asogee.