DVD Tatu Nilizoogopa Kuziandika

Sijui kama hili ni jambo la kuandika, maana mke wangu akilikumbuka mpaka leo anaangalia pembeni, lakini nikiliacha nitajidanganya kwamba halikuwa kubwa. Nilikunja suruali ya suti hadi mapajani mbele ya mama mkwe na ukoo wake wote, pale ukweni Ubaruku, nikaingia kwenye mpunga kumtafuta marehemu.

Lilianza kidogo tu. Video ya harusi ya shemeji yangu niliipiga mimi, na ndani yake baba mkwe anawausia maharusi, na mzee alipofariki tukagundua sauti yake haikubaki mahali pengine popote. Faili lilikuwa kubwa mno, haliingii kwenye DVD moja, basi fundi mmoja Iringa mjini akaligawa kwenye DVD tatu, akanieleza kwamba kwenye deki hazitaonyesha kitu, mpaka vipande vyote vitatu viunganishwe kwenye kompyuta, kimoja kikikosekana hakuna picha.

"Ziandike juu, kaka," akasema, na kalamu akanipa.

Sikuandika. (Mwandiko wangu ni wa darasa la saba, tena mbaya, niliona aibu kuuweka kwenye kitu kinachong'aa vile kinachokwenda ukweni.) Nikampelekea mama mkwe atunze, maana mume ni wake, kisha nikafuta ile ya kwenye kompyuta nipate nafasi.

Siku ya kusimika msalaba kaburini watu wakala, televisheni ikatolewa uani, nami nikafungua kompyuta nikaomba zile DVD. Mama mkwe akamwangalia mwanawe, Tito. Tito akaangalia chini.

"Shem, zile zisizo na picha juu? Tulizijaribu kwenye deki, kimya. Tukajua zimekufa."

"Ziko wapi?"

"Zinafukuza ndege."

(Kwa haki Tito hakukosea, kule CD mbovu hutundikwa kwenye kamba shambani, zikimeta juani ndege wanaogopa. Aliyeacha kuandika ni mimi.)

Wakasema kaa, mkwe, vijana watazifuata, lakini mimi nilishafika ukingoni mwa shamba, nikaingia na soksi zangu, na hapo ndipo nilipoiona kazi, maana zilizoning'inia zilikuwa nyingi na karibu zote hazina jina, ikabidi nizifungue moja moja, tope likinivuta, ukoo umejipanga kwenye tuta unanitazama.

"Mkwe, ukipata kambale utukumbuke," shangazi mmoja akasema, wakacheka, na ningekuwa upande wao ningecheka pia. Nikateleza, nikakaa kabisa kwenye maji, mkono mmoja juu na CD zangu kama mtu anayeapa.

Mama mkwe hakucheka. Alizipokea akazifuta kwa kanga yake, nami nikazijaribu, nyingine nyimbo, nyingine tupu, mpaka kipande cha kwanza kikasoma, kikaingia chote. Cha pili kikachelewa, kikaingia. Kikabaki kimoja tu, ndicho cha tatu, nacho kikakoroma. Nikakitoa, nikakifuta, nikakirudisha. Kikakoroma tena, kikanyamaza. Jua lilikuwa limekibabua na kamba imekichora.

Nilishindwa kuinua macho. Nikasema, "Mama, nimempoteza."

Akauliza, "Tito, mwaka huu ndege wamegusa mpunga wetu?"

"Hawajagusa, mama."

"Basi baba yenu alikuwa analinda. Hiyo irudisheni palepale."

Tangu siku hiyo sifuti kitu kabla sijajaribu nakala yake ikafunguka, na kila DVD naiandika, wanaotaka kuucheka mwandiko waucheke. Ila niliyoiandika kwanza ni ile ya tatu. Kabla Tito hajaifunga kwenye kamba niliomba kalamu, nikaandika BABA, herufi zikapinda kama kawaida yangu, na hata yule shangazi hakucheka.