Nyota Mbele ya Kamati

Kazi yangu ilikuwa kukaa mezani na kalamu, nikipiga hesabu za jinsi ulimwengu ulivyoanza. Mama, kule kijijini kwetu Mollo, alikuwa amechoka kuulizwa na majirani kazi hiyo inaleta nini nyumbani. Akajiandikisha katika elimu ya watu wazima, akajua kusoma, kisha akanijia juu: "Sasa niandikie kitabu nisome mwenyewe. Nimechoka kukutetea bila kujua ninachotetea."

Nikaandika kijitabu. Nilieleza kwamba makundi ya nyota yanazidi kuachana, kama punje za iliki kwenye unga wa maandazi unaoumuka. Mashine ya kuchapa ilikuwa Sumbawanga mjini, mikononi mwa mwenyekiti wa kamati ya elimu, mtu aliyeweza kuhutubia hata mbuzi.

Aliniita ofisini. Kidole chake kilikuwa juu ya ule mstari wa iliki.

"Ndugu msomi, hapa unasema kila kitu kinamkimbia mwenzake. Sisi tunawaambia wananchi wasogee pamoja. Unampinga nani?"

"Simpingi mtu, ndugu mwenyekiti. Ni nyota tu."

"Nyota za wapi?"

Nikamwambia za kila mahali. Hapo ndipo nilipoharibu, maana kila mahali ni pamoja na mkoa wetu wa Rukwa.

Sisi Wafipa tangu zamani tuliishi vijiji vilivyobanana, moshi wa jirani ukiingia mlangoni kwako. Operesheni ya vijiji vya ujamaa ilipofika, ingawa tayari tulikuwa pamoja, tukasogezwa kando ya barabara hivyo hivyo, na nyumba za zamani zikachomwa ili tusirudi. Mwenyekiti huyu alisimamia mwenyewe. Mtu wa namna hiyo utamweleza nini kuhusu ulimwengu?

Nilikataa kubadilisha. Akabadilisha yeye. Kijitabu kikatoka na jina langu na nyota zake, zikisogeleana kwa hiari na kwa furaha. Nilichukia mno. Kitabu pekee ambacho mama angesoma maishani kuhusu kazi yangu kilikuwa cha uongo.

Siku ya kukizindua, mwenyekiti alikuja akaketi mbele ya darasa la mama, kaunda suti imenyooshwa. Mama akasimama, akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, mpaka pale nyota zinapohamia pamoja. Kisha akamgeukia kwa adabu zake zote.

"Samahani, ndugu mwenyekiti. Na hizi nyota, kule zilikotoka, nyumba zao nani alizichoma?"

Darasa zima liliinamia vitabu. Mwenyekiti akaomba maji ya kunywa.