Tulivyoshuka korongo la Lofoi na baba yangu, msimu wa baridi

Wakuu, heshima kwenu. Naandika kutoka Lubumbashi. Haya niliyaona kwa macho yangu, siongezi chumvi.

Ilikuwa enzi za Zaire. Baba alikuwa amestaafu kazi ya kuyeyusha shaba, kifua kimeharibika. Hamu yake ilikuwa moja tu: kuyaona maporomoko ya Lofoi akiwa chini kabisa.

Mwenye gari la kutupeleka alikuwa Kabeya, Mkristo wa Kasai aliyetaka kumwoa dada yangu Zaina. Baba, Mwislamu wa Maniema, alishamkatalia. Hata salamu yake aliiitikia kwa shida. Ila lifti aliikubali. Wazee bwana!

Tulilala kijiji cha juu, asubuhi sisi watatu tukaanza kushuka.

Wasioijua Katanga watabisha, lakini mwezi wa sita kule juu umande unaganda kwenye majani, unavunjika chini ya kiatu. Njia imesimama kama ukuta, unashuka umeshika mizizi. Kwenye kivuli mawe yanateleza kama sabuni.

Tulifika. Baba akasimama mbele ya yale maji, rasharasha zinamlowesha koti, anacheka peke yake. Sikuwahi kumwona vile.

Shida ikawa kupanda.

Katikati ya ukuta pumzi ikamkatika. Midomo ilibadilika rangi, upepo unapenya lile koti lililolowa. Akaketi.

"Muniache hapa. Mupande, mutafute bantu ba kusaidia."

Kabeya akavua pullover yake, akamvalisha, akachuchumaa mbele yake.

"Papa, panda ku mugongo."

"Miye siko mutoto."

"Najua, Papa. Lakini iko baridi. Tuende."

Baba akaniangalia. Nikamwambia, "Panda, Baba."

Nilisukuma kwa nyuma huku machozi yananitoka. Kabeya aliteleza, magoti yakachanika, hakumwachia.

Kule juu wanakijiji walituwashia moto. Baba aliota moto mpaka mwili ukapata joto. Kisha, bila kumtazama Kabeya:

"Wambie bazee ba kwenu bakuje nyumbani. Tuongee."

Kabeya, mwanaume mzima, akalia kwa sauti.

Mazungumzo yalikuwa marefu, lakini ndoa ilifungwa, na Baba aliwalea wajukuu.

Nilichojifunza: kushuka kusikudanganye, mpime mzee wako kwa kupanda. Bebeni nguo kavu. Na mtu uliyemkatalia, mtazame vizuri siku ya shida.

Nani humu ameshuka Lofoi msimu wa baridi? Na nani mzazi wake aliwahi kulegeza msimamo hivi? Semeni, nasoma.