Fundi wa Chuma Alipoacha Kasumba

Jirani yetu pale karibu na Litein alikuwa Mhindi, fundi wa chuma, aliyetengeneza majembe na magurudumu ya mikokoteni ya mashamba ya chai. Mimi nilimpelekea maziwa. Alikula kasumba, ile afyuni, tangu ujanani, hadi siku aliposinzia kazini akaunguza mkono. Akaapa kuiacha.

"Mama, hapana ita mtu," aliniambia. "Jasho, tapika, hara, halafu kwisha. Hapana kufa mtu kwa hii."

Mume wangu alimwunga mkono. Alisema uchafu unatoka, na ukimpa maji utaurudisha ndani. Majirani wote walisema hivyo. Wengi wape, nami nikawapa.

Asubuhi moja nilimkuta sakafuni. Mtu aliyekunja chuma hakuweza hata kuketi. Macho yalikuwa yamezama, ulimi umekauka, naye aliniita kwa jina la mtu nisiyemjua. Kopo lake la mkojo lilikuwa kavu tangu jana yake. Nikaifinya ngozi ya tumbo lake, kama tunavyompima ndama anayehara. Nilipoiachia, ilibaki imesimama. Niliogopa sana.

"Baba watoto, huu si uchafu tena!" nilipiga kelele. "Huyu anakauka! Ndama akifika hapa hatungoji."

Mume wangu si mtu wa kubishana na habari za ng'ombe. Alikimbia barabarani akasimamisha lori la majani ya chai, tukamlaza juu ya magunia, nami nikawa ninamlowesha midomo hadi hospitali.

Huko walimtia maji ya chumvi kwa sindano. Maji na chumvi tu, jamani! Kufikia jioni alinitambua. Daktari alitukaripia: anayeacha kasumba asinyimwe maji, na akitapika kila anachokunywa, akikosa mkojo, akizimia au akianza kuchanganyikiwa, aletwe mara moja.

Tulipobaki wawili, fundi alifungua fundo la kilemba chake. Ndani kulikuwa na kipande cha kasumba, kikubwa kama haragwe. Muda wote aliokuwa akigaragara, kitu cha kumtuliza kilikuwa kichwani pake, na hakukigusa.

"Chukua, Mama, tupa wewe," alisema. "Hii mkono yangu, mimi hapana amini."