Bomba la Nani?

Miaka ile ya ruksa, biashara huria ilipofunguliwa, duka la ushirika kijijini lilishafungwa, mitumba imejaa Morogoro mjini, na serikali inasema kila mtu ajitegemee. Maji tuliletewa na wafadhili, ila bomba likaishia bondeni. Mama mkubwa, aliyenilea, alikuwa anakaa juu kabisa mlimani, na magoti yake yalishagoma kupanda na ndoo. Tuliahidiwa bomba litapanda mpaka kwetu, lakini kwanza aje mtu wa tathmini aone kama mradi utadumu wafadhili wakiondoka.

Akaja mama mmoja kutoka mjini, daftari mkononi, viatu vya kisigino miguuni. Kwa mteremko ule! Nikamkatia fimbo, akanishukuru mpaka nikamwonea huruma.

Tukakusanyika bombani. Akauliza, "Hili bomba la nani?"

"La kwenu, mama!" watu wakajibu kwa adabu.

"Likiharibika?"

"Tunawasubiri nyie."

Akaandika, uso umemshuka. Nikaona kabisa bomba letu linarudi mjini ndani ya lile daftari. Nikamnong'oneza mama mkubwa, "Sema letu!"

"Una wazimu? Mgeni kaleta kitu chake, mimi nikidake niseme changu? Nitaonekana mwizi."

Ikabidi nijitose. "Mama, tungekusubiri wewe si tungeshakauka kama dagaa?" Nikamwonyesha bomba lilipofungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli.

"Nani kafunga?"

Mama mkubwa akajua kashikwa, akamgeukia mgeni. "Nisamehe, mwanangu. Lilipasuka wakati wa mvua, nikakata tyubu ya huyu mjinga."

"Kumbe ni wewe!" nikaruka. Wiki mbili nilikuwa nasukuma baiskeli, namtukana fundi wa watu bure kwamba kaniibia tyubu.

Watu wakavunjika mbavu. Mgeni akakaa kwenye jiwe, akavua viatu, anacheka mpaka machozi. "Mama, hujaharibu kitu. Hicho ndicho nilichokuja kutafuta." Akafuta alichoandika, akaandika upya.

Mabomba yalikuja kabla ya masika. Mitaro tulichimba wenyewe, na malengelenge yangu ni shahidi.

Siku maji yalipotoka kule juu, mama mkubwa aliweka ndoo, ikajaa, ikafurika, yeye kasimama tu.

"Funga basi, mama, yanamwagika!"

"Hebu niache kidogo," akasema. "Leo yamepanda yenyewe."