Shibiri Moja ya Waya

Baba yangu hakuwa akiogopa mamba, na hilo ndilo lililoninyima raha. Mwenye kuogopa mamba hukaa macho. Baba alishuka mtoni kila jioni kuzima pampu kama anayekwenda kufunga mlango wa duka, mikono nyuma, kofia kichwani, akizungumza peke yake. Na masikio yake yalikuwa mazito. Kiboko angeweza kupumua nyuma ya mgongo wake asimsikie.

Shamba letu liko ukingoni mwa Tana, nje kidogo ya mji wa Garissa. Nyumba iko juu, mafuriko yasikofika. Pampu ya petroli iko chini kabisa, kwenye maji, na katikati imesimama migomba iliyoshonana. Tunamwagilia kuanzia alasiri, jua likipunguza ukali, mpaka karibu na magharibi. Kuwasha hakuna shida, kwa kuwa saa hizo mto una watu, kuna wachota maji, mbuzi wanaletwa kunywa, kelele tele. Shida ni kuzima. Jua likianza kuzama watu huondoka, na wenye mto hurudi. Kiangazi kilichopita mamba alimshika jirani yetu mguu palepale tunapoweka pampu. Jirani alipona, mguu haukupona.

Nilisema nitakuwa nikishuka mimi. Baba akanitazama kana kwamba nimemtukana.

"Mimi nikae mkekani, aabbo, binti yangu aende kwa yaxaas?"

Yaxaas ndiye mamba. Na hilo la aabbo msishangae. Kwetu baba humwita mtoto wake kwa jina lilelile ambalo mtoto humwita yeye, kwa hiyo tuligombana aabbo kwa aabbo, huku hooyo, mama yangu, akitusikiliza kutoka jikoni bila kuchukua upande wa mtu.

Nikasema basi, kama hataki nishuke na yeye hataki kuacha, pampu itazimwa na mtu aliyeko nyumbani. Tulijaribu kupima petroli ili injini izimike yenyewe. Siku moja ikaisha mapema, matikiti yakabaki na kiu, na siku nyingine ikapitiliza, vitunguu vikaogelea. Tukavuta waya wa swichi kutoka pampuni hadi barazani. Viboko waliukanyaga kabla haujamaliza wiki. Kila jaribio lilipoanguka baba alichukua bakora yake, akavaa ndara zake, akashuka. Nami nilibaki barazani nikihesabu pumzi zangu mpaka nione kofia yake ikirudi kati ya migomba.

Jibu nililiona mjini, mbele ya hoteli ya chai. Kijana mmoja wa bodaboda alipanda pikipiki ya mwenzake kwa utani na kuondoka nayo. Mwenyewe hakuinuka hata kwenye benchi. Aliingiza mkono mfukoni, akabonyeza rimoti ndogo ya alamu, na pikipiki ikazima katikati ya barabara. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nimeshaanza kutembea kuelekea kwa fundi.

"Hii kitu ni ya bikibiki, abaayo," fundi akaniambia, yaani dada, akinishikisha kipokezi cha rimoti kama ile, kiboksi cheusi kidogo kuliko kiberiti. "Ya maji mimi sijaona."

"Sasa utaona," nikamwambia.

Nilikifunga kwenye kopo la plastiki pamoja na betri kuukuu ya pikipiki, nikaunganisha waya wake wa kukata moto wa plagi kwenye injini ya pampu. Nikiwa hatua chache tu nilibonyeza na injini ikanyamaza. Nilitamani kupiga kigelegele. Nikapanda nyumbani, nikabonyeza kutoka barazani. Pampu ikaendelea kuunguruma kule chini kama haijaambiwa kitu. Nilibonyeza mpaka kidole gumba kikaniuma.

Baba alikifungua kile kiboksi, akaona uzi wa antena uliokunjwa humo ndani kama utumbo wa kuku, akaguna.

"Hata kamba ya kuanikia nguo ni ndefu kuliko huu waya wako."

Hapo lazima niseme baba yangu ni nani. Kabla ya simu za mkononi, mtu wa huku akitaka kuzungumza na nduguze walio ng'ambo ya mpaka alikwenda kwa mwenye taar, ile redio ya mbali, akalipia dakika zake, akapiga kelele kwenye kipaza sauti. Baba alikuwa mtu wa taar Liboi kwa miaka mingi. Alikaa na vile vipokea sauti masikioni tangu alfajiri hadi usiku, akitafuta sauti za watu ndani ya mvumo. Ni yeye aliyewapa watu habari za ndoa na za misiba. Na juu ya paa la kile chumba, kutoka mlingoti hadi mlingoti, ulipita waya mrefu ambao ungeweza kuanika nguo za kijiji kizima. Kwake yeye mambo ni wazi, ukitaka kufika mbali vuta waya mrefu. Nani angembishia? Mimi mwenyewe nilikulia chini ya ule waya.

Tukasimamisha mti mrefu kando ya pampu, tukavuta waya hadi juu, kisha hadi kwenye mgomba wa kwanza. Baba alifunga mafundo mwenyewe, kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake siku nyingi. Nikabonyeza kutoka barazani, pampu ikaendelea kuunguruma. Nikateremka nusu ya njia, vilevile. Hata zile hatua chache za mwanzo sasa zilikuwa za bahati nasibu.

"Ongeza waya," akasema.

Nikaongeza. Ikawa mbaya zaidi.

Usiku ule niliona nimebakiwa na njia moja tu, kukata. Asubuhi nilimwambia baba. Alijifunga kikoi chake, akaenda msikitini mapema kuliko kawaida, na nikajua nimemkosea. Lakini nilipendelea anikasirikie akiwa na miguu yake miwili.

Nilitoa kipokezi kwenye injini nikakiunganisha na balbu ndogo ya pikipiki, ili nisiwe nawasha na kuzima pampu kutwa. Nikakaa nacho pale mtoni, mchana kweupe, watu wakiwepo. Hooyo akasimama barazani na rimoti. Tulipatana kwamba akibonyeza atapunga garbasaar yake, ule mtandio mkubwa, ambao ulikuwa mwekundu na ulionekana vizuri juu ya migomba. Yeye anapunga, mimi natazama balbu. Isipowaka nakata shibiri moja ya waya, nanyoosha mkono, naye anabonyeza tena.

Vipande vya waya vilijaa miguuni pangu. Wachota maji waliniuliza kama nimepoteza kitu. Hooyo alichoka kupunga, akawa anainua ncha tu ya mtandio. Waya ulipobaki shibiri tatu hivi, balbu ikawaka. Nikapiga mbinja, nikavimba kichwa, nikafunga kila kitu kwenye injini na kuwaambia wote kazi imekwisha. Jioni ile upepo uliulaza ule waya juu ya chuma cha pampu, na nilipobonyeza hakuna kilichotokea. Baba alichukua bakora yake, akashuka. Heri angenicheka.

Kesho yake nikarudi na kisu. Nikakata kidogo, balbu ikawa inawaka mara moja moja tu. Kwenye shibiri mbili balbu ilikufa kabisa, na hooyo akanipigia simu kuniuliza kama na mimi nimekufa. Mtu mwenye akili angerudi kwenye shibiri tatu, atafute kijiti cha kuusimamishia waya. Mimi nilikuwa nimeshakasirika. Nikaendelea kukata, safari hii kwa upana wa kidole. Karibu na shibiri moja balbu ikawaka tena, na haikuwaka kwa kubembelezwa. Nikampigia hooyo arudi nyuma ya nyumba, ikawaka. Afike kwenye zizi la mbuzi, ikawaka. Afike kwenye mti wa mwisho kabla ya barabara, na bado ikawaka. Nikaendelea kukata makusudi, kwa kuwa huwezi kujua umefika mpaka upite, na kwenye nusu shibiri ikazima. Basi. Nikachukua waya mpya, nikapima kwa mkono wangu, shibiri moja kasoro ncha ya kidole, nikausimamisha wima kwenye kijiti, mbali na chuma.

Baadaye nilipiga hesabu ya namba iliyoandikwa nyuma ya rimoti, kwa fizikia kidogo niliyobaki nayo ya sekondari, na nikaona ndivyo ilivyopasa kuwa. Urefu wa wimbi la ile rimoti haufiki hata mita moja, na waya hutaka kuwa robo yake. Mawimbi ya taar yalikuwa marefu kuliko nyumba, ndiyo maana yalitaka waya wa kutoka mlingoti hadi mlingoti. Nilimweleza baba hivyo, nikidhani nampatanisha na mimi.

"Wimbi fupi kuliko mkono wangu," akasema, "linafika wapi?"

"Njoo jioni uone."

Jioni tukasimama barazani sote watatu. Pampu ilikuwa ikiunguruma kule chini. Nikabonyeza, na ikanyamaza palepale. Tukaanza kusikia ndege migombani, na mbuzi mmoja akikohoa zizini. Hooyo akasema alhamdulillahi. Nilimgeukia baba nikitarajia nini sijui, labda tabasamu. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, akitazama migomba.

"Imezima?" akauliza.

"Imezima, aabbo."

"Vizuri sana." Akavaa ndara zake, akachukua bakora, akaanza kushuka.

Alifanya hivyo jioni ile na jioni iliyofuata na ya tatu yake. Nilibonyeza, pampu ikanyamaza, akaniuliza, nikamjibu, akashuka. Ile ya tatu hasira zilinipanda. Sikio la kufa halisikii dawa, methali hiyo ilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu, na namshukuru Mungu haikutoka. Nilimfuata njiani, nikamsimamia mbele.

"Waya unafanya kazi. Sote tumesikia. Unakwenda kutafuta nini kule?"

Aliikita bakora yake chini.

"Ninyi mmesikia," akasema. "Taar haijawahi kuzimwa kichwani mwangu, aabbo. Tangu Liboi, ule mvumo haujanyamaza, mchana na usiku. Nikiwa huku juu, pampu ikiunguruma na ikinyamaza, kwangu ni mamoja. Lazima nikaishike ndipo nijue."

Siku zote zile nilidhani nashindana na ukaidi, kumbe mtu alikuwa akienda kila jioni kuthibitisha kwa kiganja kitu ambacho masikio yake hayawezi tena kumwambia, na aliona haya kutwambia. Nililia palepale njiani, na yeye akasimama akingoja nimalize. Kisha tukashuka wote wawili, na nilimtangulia.

Bomba la pampu hupanda na kupita nyuma ya nyumba yetu kuelekea kichwa cha mfereji. Sisi huliruka kila siku, hatulitazami. Kesho yake, pampu ikiwa kazini, nilimchukua baba hadi pale, nikamwambia achuchumae, nikaweka kiganja chake juu ya bomba. Lilikuwa likitetemeka. Uso wake ukabadilika. Nikampa rimoti katika mkono mwingine, nikanyamaza, na niliapa moyoni kwamba sitamwambia neno hata akiniuliza.

Alibonyeza. Akabaki ameshika bomba, amefumba macho, muda mrefu kuliko ulivyohitajika.

"Imezima," akaniambia.